PubMed, Embase, Google Scholar au akili mnemba: wapi pa kutafutia taarifa za dawa na tiba

Anayefanya kazi na taarifa za dawa, awe mtafiti wa maabara, mfamasia wa kitengo cha usalama wa dawa, mwandishi wa nyaraka za usajili au mkutubi wa tiba, hukutana na tatizo lilelile kila mara: swali ni moja, visanduku vya kutafutia ni vingi, na kila kimoja kina jibu lake. Jina la dawa moja likiandikwa katika PubMed, katika Embase, katika Google Scholar na katika zana ya akili mnemba, majibu manne yanayorudi hutofautiana kwa idadi, kwa mpangilio na wakati mwingine hata kwa maana, na hakuna hata moja linaloeleza ni nini kilichoachwa nje. Makala haya yanaziweka njia hizo nne chini ya vigezo vilevile, ili aliyekwama kati yake aamue ipi aanze nayo, ipi aongeze, na ipi aiache kando kwa kazi aliyo nayo mezani.

Vigezo kabla ya majina

Kigezo cha kwanza ni yaliyomo: majarida gani, aina gani za maandishi, na tangu mwaka gani. Kigezo hiki huonekana kuwa jambo dogo hadi pale kinapogharimu uhai. Mwaka 2001, huko Baltimore nchini Marekani, mtu mwenye afya njema aliyejitolea katika utafiti wa pumu alifariki baada ya kuvutishwa hexamethonium, dawa ya zamani ya shinikizo la damu. Utafutaji uliofanywa kabla ya jaribio haukuibua makala ya miaka ya 1950 yaliyokuwa yameeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu, kwa sababu kumbukumbu za kielektroniki zilizotumika wakati huo zilianzia katikati ya miaka ya 1960. Makala yalikuwapo maktabani; hayakuwapo pale palipotafutwa.

Kigezo cha pili ni lugha ya utafutaji, na kwa upande wa dawa hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Dawa ya imatinib ilijulikana maabara kwa namba CGP57148B, kisha STI571, halafu ikauzwa kwa jina la Gleevec nchini Marekani na Glivec kwingineko, na makala yaliyoandikwa katika kila hatua hutumia jina la hatua hiyo. Parasetamoli ni acetaminophen katika maandishi ya Kimarekani, salbutamol ni albuterol, rifampicin ni rifampin, na adrenaline mara nyingi ni epinephrine. Shirika la Afya Duniani lilianzisha utaratibu wa majina ya kimataifa ya dawa katika miaka ya 1950 ili kupunguza vurugu hii, lakini majina ya biashara hayakukoma, na makala yaliyokwisha kuchapishwa hayabadiliki. Kwa hiyo la kuuliza ni kama kuna mtu au mashine iliyoyaunganisha majina hayo yote kabla wewe hujafika. Orodha ya istilahi zilizounganishwa kwa namna hiyo, kila dhana ikiwa na jina moja kuu na visawe vyake chini yake, ndiyo huitwa tesauri.

Cha tatu ni uwiano wa ukamilifu na usahihi. Ukamilifu ni sehemu ya makala yote yanayohusika ambayo utafutaji umeyapata. Usahihi ni sehemu ya yaliyopatikana ambayo kweli yanahusika. Ukipanua utafutaji, kwa kawaida ukamilifu hupanda na usahihi hushuka. Kibaya ni kwamba usahihi huonekana kwa macho, kwani takataka ziko mbele yako kwenye skrini, ilhali upungufu wa ukamilifu hauonekani kabisa. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu nyaraka takriban 40,000 za kesi moja, ambamo mawakili waliamini kuwa wamepata asilimia 75 ya nyaraka walizozihitaji, na kipimo kikaonyesha karibu asilimia 20. Hawakuwa wavivu. Walitafuta kwa maneno yao, wakati nyaraka ziliandikwa kwa maneno ya watu wengine.

Cha nne ni uwezo wa kurudiwa na kukaguliwa: mtu mwingine akiendesha mkakati uleule siku nyingine apate kilekile, pamoja na yaliyoongezwa tangu hapo, na mkaguzi akiuliza aonyeshwe kilichotafutwa, tarehe na idadi ya matokeo. Cha tano ni gharama, nami nahesabu humo si ada tu bali pia saa za mtu anayesoma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, moja baada ya nyingine.

PubMed

Yaliyomo. PubMed inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilianza mwaka 1996 na mwaka uliofuata ikafunguliwa bure kwa umma. Leo ina kumbukumbu zaidi ya milioni 37. Kiini chake ni MEDLINE, yaani majarida zaidi ya 5,200 yaliyochaguliwa kwa vigezo vya ubora, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake inaanzia mwaka 1946. Watu wengi huyatumia majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na kosa hilo hujitokeza hata katika ripoti rasmi. PubMed ina MEDLINE, lakini ina pia makala mapya yasiyowekewa istilahi bado, makala ya hifadhi huria ya PubMed Central ambayo majarida yake hayamo MEDLINE, na baadhi ya vitabu. Kinachokosekana zaidi ni ikisiri za mikutano ya kisayansi. Tena, kinachotafutwa ni kichwa cha makala, ikisiri na istilahi zake. Matini kamili hayaguswi.

Lugha ya utafutaji. Tesauri yake ni MeSH, iliyoanzishwa mwaka 1960 na kuhuishwa kila mwaka, yenye vichwa vya istilahi takriban 30,000 vilivyopangwa kama mti, kiasi kwamba ukitafuta tawi unaletewa na vijitawi vyake. Kando ya vichwa hivyo kuna orodha ya nyongeza ya kemikali yenye mamia ya maelfu ya majina, na dawa nyingi mpya huishi humo kwanza kabla ya kupewa kichwa chao wenyewe. PubMed hujaribu pia kutafsiri maneno yako: ukiandika “heart attack”, yenyewe huongeza kichwa cha “Myocardial Infarction”. Huduma hiyo huzimika pale unapoweka alama za nukuu au kukata neno kwa nyota, jambo ambalo wengi hawalijui, wakadhani wameongeza umakini kumbe wamepunguza wigo. Tangu mwaka 2022 istilahi huwekwa na mashine, huku wataalamu wakipitia baadhi ya kumbukumbu, na makala mapya kabisa huweza kukaa bila istilahi kwa muda. Anayetafuta kwa MeSH peke yake huyakosa hayo mapya, na katika usalama wa dawa hayo mapya ndiyo yanayosubiriwa.

Ukamilifu na usahihi. Kwa maswali ya kitabibu ya kawaida usahihi wake ni mzuri, hasa ukitumia vichujio vilivyo tayari kwa maswali ya tiba, utambuzi na ubashiri wa ugonjwa. Kwa maswali yanayohusu dawa mahususi, hasa madhara adimu yaliyotajwa pembeni mwa makala yenye mada nyingine, ukamilifu wake hupungua, kwa kuwa madhara hayo huenda hayakutajwa kwenye ikisiri wala hayakupewa istilahi.

Ukaguzi. Hapa PubMed ni imara. Kila kumbukumbu ina namba yake ya kudumu, historia ya utafutaji huonyesha kila mstari na idadi yake, na sehemu ya maelezo hufichua jinsi maneno yako yalivyotafsiriwa. Mpangilio wa kawaida wa matokeo huamuliwa na algorithimu, lakini algorithimu hiyo hupanga tu; hailipunguzi fungu lenyewe.

Gharama na anayefaa. Ni bure, arifa za barua pepe ni bure, na programu za kompyuta zinaruhusiwa kuchota kumbukumbu moja kwa moja. Inamfaa karibu kila mtu kama mahali pa kuanzia, na inawafaa kabisa wanaotengeneza mifumo yao ya ndani ya kuchakata maandishi. Haimtoshi mwenye wajibu wa kisheria wa kutokosa ripoti.

Embase

Yaliyomo. Embase ni ya kampuni ya Elsevier na mizizi yake ni Excerpta Medica, chapisho la ikisiri lililoanzishwa Amsterdam mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Hifadhidata ya kawaida inaanzia mwaka 1974, na sehemu iitwayo Embase Classic inarudi hadi 1947. Ina majarida zaidi ya 8,000, ikiwa imeingiza pia yaliyomo MEDLINE, na uwepo wa majarida ya Ulaya ni mkubwa kuliko wa PubMed. Tangu mwaka 2009 huingiza ikisiri za mikutano, na hili peke yake huwafanya wengi wailipie, kwa sababu matokeo ya jaribio la dawa mara nyingi hutajwa mkutanoni muda mrefu kabla ya makala kamili kutoka, na baadhi hayatoki kamwe.

Lugha ya utafutaji. Tesauri yake, Emtree, ilijengwa huku jicho likiwa kwenye dawa. Chini ya jina la kimataifa la dawa huwekwa majina ya biashara, namba za maabara na majina ya kikemia, hivyo mfano wa imatinib uliotajwa juu hutatuliwa kwa kutafuta mara moja. Dawa iliyowekewa istilahi inaweza pia kuambatanishwa na vijistilahi vya madhara, mwingiliano na dawa nyingine, kipimo, njia ya kuitumia au ulinganisho, kwa hiyo unaweza kuomba makala ambamo dawa fulani inatajwa kama chanzo cha madhara, na usiletewe makala ambamo dawa hiyo na madhara hayo vimekutana tu kwa bahati. Vifaa tiba vimepewa uangalizi wa aina hiyohiyo.

Ukamilifu na usahihi. Kila sifa ina kivuli chake, na kivuli cha Embase ni wingi. Wanaoweka istilahi husoma ndani ya makala, si ikisiri tu, na makala moja inaweza kubeba majina ya dawa kadhaa, yakiwamo yaliyotajwa mara moja kwenye jedwali. Ndiyo maana Embase hukupa ripoti iliyofichika, na ndiyo maana pia hukupa mamia ya makala ambamo dawa yako ni mpita njia. Kuna namna ya kudai makala ambamo dawa ndiyo mada kuu, nayo husafisha matokeo vizuri sana. Ila anayefuatilia usalama akiitumia ataondoa hasa zile ripoti zilizomfanya alipie Embase. Ikisiri za mikutano nazo huongeza mzigo: ni fupi, hazina maelezo ya mbinu, na mara nyingi jaribio moja hutajwa katika mikutano mitatu au minne kwa vichwa tofauti, na asiyekuwa makini huhesabu wagonjwa walewale mara tatu.

Ukaguzi. Ni imara kama PubMed. Mikakati huhifadhiwa, huendeshwa upya kwa ratiba, na matokeo hutolewa pamoja na namba za kumbukumbu. Tahadhari moja inatosha: Embase hupatikana kupitia majukwaa zaidi ya moja, na mkakati ulioandikwa kwa sintaksia ya jukwaa moja hauendi kwenye jingine bila kubadilishwa, hivyo ripoti lazima itaje jukwaa.

Gharama na anayefaa. Ni ya kulipia kwa usajili wa taasisi, na mtu binafsi au kampuni changa huenda isiumudu. Inahitaji pia mtu aliyefundishwa, kwa sababu uwezo wake uko kwenye vijistilahi ambavyo mgeni haoni umuhimu wake. Inawafaa watu wa usalama wa dawa, wanaofanya mapitio ya kimfumo (yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliowekwa wazi), na watengenezaji wa vifaa tiba. Kwa swali dogo la haraka, kuifungua ni sawa na kuchinja ng’ombe kwa ajili ya mgeni mmoja.

Google Scholar

Yaliyomo. Ilizinduliwa Novemba 2004, na kwa upana inawazidi wote: majarida, tasnifu, vitabu, ripoti za taasisi, makala ya awali ambayo hayajapitiwa na wataalamu, hataza na chochote kinachofanana na maandishi ya kitaaluma. Upana huo haukuchujwa, kwa hiyo majarida ya ulaghai hukaa bega kwa bega na yale yenye heshima.

Lugha ya utafutaji. Hakuna tesauri. Faida yake kubwa ni kwamba hutafuta ndani ya matini kamili, na ndiyo maana hupata jina la kemikali lililotajwa kwenye sehemu ya mbinu, au namba ya kundi la dawa kwenye maelezo ya chini. Anayetafuta kitu chenye jina la kipekee, mathalani namba ya maabara ya kemikali ambayo haikuendelezwa, mara nyingi hukipata hapa kabla ya kwingine kokote.

Ukamilifu na usahihi. Inaweza kutangaza kwamba kuna matokeo laki moja, lakini yanayoonekana ni 1,000 ya kwanza tu, yamepangwa kwa algorithimu isiyowekwa wazi ambayo huyapa uzito makala yaliyonukuliwa sana. Makala mapya yenye ripoti ya mgonjwa mmoja, ambayo bado hayajanukuliwa na mtu, yana nafasi ndogo ya kupanda juu.

Ukaguzi. Hapa ndipo panapovuja. Urefu wa mkakati una kikomo cha herufi 256, ambazo hazitoshi hata orodha ya visawe vya dawa moja yenye majina mengi. Matokeo hubadilika bila taarifa. Na hakuna njia rasmi ya kuchota matokeo kwa wingi.

Gharama na anayefaa. Ni bure, na haihitaji mafunzo. Inamfaa anayefuata nyayo za manukuu kwenda mbele, yaani kujua nani ameinukuu makala fulani ya zamani, na anayetafuta nakala huria ya makala anayoijua tayari. Kwa maoni yangu wataalamu huidharau kupita kiasi katika kazi hizo mbili, na wasio wataalamu huiamini kupita kiasi katika nyingine zote.

Zana za akili mnemba

Ni lazima kutenganisha vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Kuna modeli ya lugha inayojibu kutokana na kile ilichofundishwa, bila kwenda kusoma popote; na kuna mfumo unaotafuta kwanza kwenye mkusanyo wa makala, kisha ukamwachia modeli kazi ya kufupisha yaliyopatikana, ukionyesha viungo vya vyanzo. La kwanza halifai kutafutia ushahidi wa dawa. Modeli za namna hiyo huweza kutunga rejea zenye waandishi wanaoaminika, jarida la kweli na mwaka unaolingana, ila makala yenyewe haipo. Novemba 2022 kampuni ya Meta iliweka wazi modeli iitwayo Galactica, iliyofundishwa kwa mamilioni ya maandishi ya kisayansi, na ikaiondoa baada ya siku tatu kwa sababu ilikuwa ikitoa uongo kwa lugha ya kitaalamu. Yanayofuata yanahusu aina ya pili tu.

Yaliyomo. Hutegemea mkusanyo uliowekwa nyuma yake, na hapo ndipo muuzaji anapopaswa kubanwa kwa maswali. Zana nyingi hujengwa juu ya kumbukumbu na ikisiri zilizo huria, kwa hiyo matini kamili ya majarida ya kulipia huenda hayamo. Kampuni yenye nyaraka zake yenyewe, ripoti za maabara, itifaki, barua za mamlaka za udhibiti, inaweza kuziweka ndani ya mfumo wa namna hii, na kwa kazi hiyo nakiri kwamba sijaona mshindani wake kati ya hizi nyingine tatu, ambazo zinajua tu yaliyochapishwa.

Lugha ya utafutaji. Badala ya kulinganisha maneno, mfumo hulinganisha maana, kwa kugeuza kila sentensi kuwa safu ya namba na kutafuta zilizo karibu. Mtu anaweza kuuliza kwa sentensi kamili, na makala yaliyotumia maneno mengine kabisa yakajitokeza. Udhaifu wake ni upande wa pili wa nguvu hiyo: dawa mbili zenye majina yanayofanana au za kundi moja la kifamasia hukaa karibu katika hesabu hizo, na swali kuhusu moja huweza kuletewa jibu la nyingine. Maneno ya ukanushi nayo huusumbua mfumo. “Haikuongeza hatari” na “iliongeza hatari” ni jirani wa karibu mno.

Ukamilifu na usahihi. Hutoa vipande vichache vilivyo juu na kuvifupisha vizuri, na uzuri wa ufupisho humfanya msomaji aamini kwamba hakuna kingine. Ni hali ileile ya mawakili wa 1985, ila sasa ikiwa na maandishi ya kuvutia zaidi. Kama kipanga foleni, kinachoamua ikisiri zipi zisomwe kwanza na binadamu kati ya elfu tatu zilizokwisha kupatikana kwa mkakati wa kawaida, zana hizi huokoa saa nyingi bila kuhatarisha kitu, mradi zilizo mwisho wa foleni zisitupwe.

Ukaguzi. Swali lilelile likiulizwa mara mbili linaweza kujibiwa kwa namna mbili, na toleo la modeli linapobadilishwa huenda kusiwe na njia ya kurudi nyuma. Katika kazi zinazokaguliwa, kitu hicho peke yake hukata shauri.

Gharama na anayefaa. Ada hutofautiana sana, na gharama iliyojificha ni uhakiki: kila dai lirudishwe kwenye chanzo chake. Kuna na suala la siri, kwani kuandika muundo wa kemikali ambayo haijawekewa hataza katika zana ya nje ni kuutoa nje ya kampuni. Inamfaa anayeingia eneo jipya na hajui bado istilahi zake, na mwenye nyaraka nyingi za ndani.

Ambayo hayamo kwenye njia zote nne

Hifadhidata za makala hujua makala tu. Mwaka 2010 IQWiG, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini tiba, ilipopitia upya dawa ya sonona iitwayo reboxetine, ilibainika kwamba data za asilimia 74 ya wagonjwa wa majaribio hazikuwa zimechapishwa, na picha ya dawa ilibadilika zilipojumuishwa. Ndiyo maana sajili za majaribio, kama ClinicalTrials.gov iliyofunguliwa mwaka 2000 na ambayo sasa ina tafiti zaidi ya 500,000, pamoja na jukwaa la sajili la Shirika la Afya Duniani, zinapaswa kutafutwa kivyake. Na mwenye umbo la kemikali badala ya jina aende PubChem au ChEMBL, ambako molekuli hutafutwa kwa muundo wake.

Kuhifadhi ulichokipata

Ukitumia zaidi ya njia moja, makala ileile itakujia mara mbili au tatu ikiwa imeandikwa tofauti kidogo: jina la jarida limefupishwa huku, waandishi wamekatwa kule. Programu za kutunza rejea kama Zotero na EndNote huondoa marudio, lakini zisiachiwe ziamue peke yake; zitumie kwanza namba ya DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni) na namba ya PubMed, kisha mtu apitie zinazobaki kwa jina. Kabla ya kuondoa chochote, andika kila chanzo kilitoa ngapi. Mkakati wenyewe uhifadhiwe kama maandishi kamili, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na jukwaa, kama mwongozo wa PRISMA-S wa mwaka 2021 unavyotaka, kwa sababu picha ya skrini haiwezi kuendeshwa upya.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama una mgonjwa au bosi anayesubiri jibu leo, PubMed pamoja na vichujio vyake vya kitabibu inatosha, na Google Scholar itakusaidia kupata nakala ya kusoma.

Kama unafanya mapitio ya kimfumo, chanzo kimoja hakitoshi. Mwongozo wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tiba, unataka sajili yao ya majaribio iitwayo CENTRAL, MEDLINE, na Embase pale inapopatikana, na sajili za majaribio juu yake. Ukikosa Embase, sema hivyo wazi katika ripoti, kisha fidia kwa kufuata manukuu mbele na nyuma ya makala uliyoyapata, na kwa kutafuta vitabu vya ikisiri vya mikutano mikubwa ya fani yako moja baada ya kingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafanyika.

Kama una wajibu wa kufuatilia usalama wa dawa iliyosajiliwa Umoja wa Ulaya, miongozo inakutaka upitie machapisho angalau mara moja kwa wiki, na ripoti ya madhara makubwa ina siku 15 za kufikishwa kwa mamlaka. Hapa Embase ndiyo nguzo, PubMed ikiwa ya kuziba pengo la makala mapya. Shirika la Dawa la Ulaya lenyewe linapitia machapisho ya baadhi ya viambata tangu mwaka 2015, kwa hiyo angalia kama kiambata chako kimo kwenye orodha yake kabla ya kupanga bajeti. Akili mnemba ipange foleni, uamuzi ubaki kwa mtu mwenye jina na saini.

Kama uko mwanzoni mwa ugunduzi, unapima kama shabaha fulani ya kibayolojia ina maana, ukamilifu si hoja bado. Zana ya akili mnemba yenye vyanzo vilivyo wazi itakupa ramani na maneno ya fani, kisha uyapeleke maneno hayo PubMed na kwenye hataza.

Kama tatizo lako ni nyaraka za ndani za miaka mingi zisizopatikana hata na walioziandika, kununua hifadhidata ya nje hakutakusaidia. Anza kwa kuzipa nyaraka majina ya dawa yaliyosanifiwa na tarehe, ndipo ufikirie mfumo wa kutafuta kwa maana.

Na kama dawa unayoichunguza ni ya zamani, iliyofufuliwa kwa matumizi mapya, kabla ya kutafuta chochote tazama kila hifadhidata inaanzia mwaka gani. Shuka hadi Embase Classic, na pale inapoishia, yaani mwaka 1947, omba mkutubi akuonyeshe juzuu za Index Medicus, faharasa ya karatasi iliyoanza kutolewa mwaka 1879, utafute kwa majina ambayo dawa hiyo ilikuwa nayo wakati huo.